Kwako Keziya, Mpunga wa Agosti Umesimama

Umetimia mwaka mmoja, Keziya, tangu asubuhi ile ya Agosti 1994 ulipoangushwa kwenye matope ya shamba letu hapa Mwaya na ng'ombe wakapita juu yako. Wengi wamesimulia kifo chako, wengine wakiongeza chumvi, wengine wakipunguza damu. Leo familia yako inasema na wewe mwenyewe. Anayesoma na asikilize.

Ulizaliwa Ikombe, kule ambako hakuna barabara na mgeni hufika kwa mtumbwi. Mama yako, Naomi, ni mfinyanzi, na hadi leo vyungu vyake vinapikia maharage katika nyumba nyingi za Kyela. Ulipochaguliwa kwenda chuo kikuu cha serikali kule Morogoro kusomea udongo, wenzako walicheka kwamba mtoto wa mfinyanzi anasafiri siku mbili kutafuta kitu alichokiacha mlangoni kwao. Ulicheka nao, ukaenda.

Ulirudi ukiwa mwalimu wa chuo hicho hicho, umetumwa kufanya kazi yake huku kwetu, umeolewa na Aliko wetu, mwalimu wa sekondari. Hapo ndipo ulipotushangaza. Sisi Wanyakyusa tuna mila kwamba mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hamsalimii wala hasemi naye. Wakikutana njiani yeye hutoka pembeni, hujifunika kichwa na kumpa mgongo mpaka mzee apite. Wasomi wa rika lako walikuwa wameshaiacha. Aliko alikuambia, "Baba mwenyewe hajali mambo hayo." Ulimjibu, "Nikiiacha mimi watasema chuo kimeniharibu, na hakuna mwanamke atakayenisikiliza shambani." Ukachukua kitenge chako ukajifunika.

Kwa mzee Hezroni, baba mkwe wako, hiyo ilikuwa adhabu. Yeye alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya jioni, akafanya mtihani wa darasa la saba kichwa kikiwa kimeanza mvi. Gazeti lililofungia sukari hulikunjua akalisoma lote hata likiwa limechanika katikati. Sasa chuo kikuu kizima kimeingia nyumbani kwake, kinakamua ng'ombe wake kila asubuhi, naye haruhusiwi kukiuliza swali!

Dawa yake ilipatikana kwa yule ng'ombe jike mwenye baka jeupe. Ulimkamua nyuma ya ukuta wa mianzi, kiwele kikiwa upande wako na kichwa kikiwa kimechungulia upande wa barazani, alipokaa mzee. Hakuna mila inayomkataza mtu kusema na ng'ombe wake.

"Eti wewe ng'ombe," mzee alianza, "ni kweli huko chuoni wanasema mpunga unaweza kuota Agosti, mvua zikiwa zimekatika?"

Nawe ukaliambia tumbo la ng'ombe, "Mpunga hauna kalenda, ng'ombe. Una maji au hauna."

"Waulize hao maprofesa kama waliwahi kushika jembe."

"Sema wapo walioshika, na wapo wanaoshika chaki tu. Kila nyumba ina wavivu wake."

"Ng'ombe, unamsikia? Anasema nyumba yangu ina wavivu!"

Mama mkwe wako, Tumpale, alicheka mpaka akashika mlango. "Huyu ng'ombe atapata digrii kabla yetu," alisema. Kuanzia siku hiyo tulimwita Posta.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Ushirika ulikuwa umelala, wanunuzi binafsi walikuja na vipimo vyao wenyewe, na mbolea ya ruzuku ikawa habari ya zamani. Kampuni moja ilikutaka ukaiuzie madawa ya kilimo, ikakuahidi gari. Aliko alilitaka lile gari, hakuficha. Ukamwambia mama mkwe wako, ukijua mzee anasikia, "Mama, mimi nimesomeshwa na mpunga wa Kyela, na kahawa ya Rungwe, na pamba ya watu nisiowajua. Nikienda kuuza dawa, nani atawarudishia?" Mzee aliinuka akaenda kukupimia robo eka ya shamba lake, ile iliyo karibu na mfereji.

Mbegu ya chuo inayokomaa upesi uliisia mwezi Juni, watu walipokuwa wanamaliza kuvuna. Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo hapa Mwaya. Ulisema ikikubali, nyumba itavuna mara mbili kwa mwaka, na mama hatauza mpunga wake wote Julai kwa bei ya kutupa kisha anunue unga Januari. Wanafunzi wako walikuja wakapima maji, wakala ndizi zetu, wakaanguka matopeni, wakachekwa. Julai shamba likawa kijani peke yake katikati ya mabua makavu, na watu walikuja kulitazama kama wanaotazama arusi.

Lakini desturi yetu ni kwamba shamba likishavunwa halina mwenyewe. Ng'ombe wa kijiji kizima huachiwa mabua, na hupita popote hadi mvua zirudi. Robo eka yako ilikaa katikati kabisa ya njia yao ya kwenda kunywa mferejini.

Mzee Anyisile ndiye mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi sote. Yeye na baba mkwe wako walichunga pamoja wakiwa watoto, wakala kwenye chungu kimoja. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akaegemea fimbo.

"Hezroni, mwenzangu, tangu lini ng'ombe wakaomba ruhusa ya kupita mwezi wa nane?"

"Tangu nchi ilipopata chuo kikuu," mzee akajibu, na watu wakacheka.

"Chuo kikuu!" Anyisile hakucheka. "Serikali imejitoa kwenye mbolea. Imejitoa kwenye kununua mpunga. Hata watoto wanaosoma huko sasa tunaambiwa tuwachangie. Imejitoa kila mahali, imekuja kubaki kwenye nyasi za ng'ombe wangu?"

Wewe ulikuwa nyuma ya wanawake, kitenge kichwani kwa sababu ya mkweo. Kijana mmoja akapiga kelele, "Digrii hiyo, imejificha chini ya kitenge!" Ukamnong'oneza Tumpale, naye akasimama akasema kwa sauti yake kubwa, "Mkwe wangu anasema hivi: mzee Anyisile, chuo hicho ni chako. Kila gunia ulilouzia ushirika lilikatwa ushuru, na ushuru huo umejenga shule na vyuo. Hukupewa risiti. Robo eka hiyo ndiyo risiti yako, usiilishe ng'ombe."

Hapo Anyisile alitabasamu, tuseme ukweli. Mkutano ukakubaliana kwamba ng'ombe wazungushwe, wakanywe mtoni Mbaka mpaka mpunga wa chuo uvunwe.

Na mtoni kuna mamba.

Haikupita wiki mbili. Mtamba wa Anyisile, yule mwekundu aliyetengwa kwa mahari ya kijana wake, aliinamisha kichwa anywe, akashikwa pua. Vijana walivuta mkia, mamba akavuta kichwa. Mguu mmoja ndio uliorudi nyumbani. Jioni hiyo tulimsikia Anyisile akilia kama anayelia mtu, na tulisikia pia vijana wake wakinoa mapanga.

Asubuhi yake uliwahi kukamua. Mzee alikuwa barazani. Ulisema, na hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoletewa na ng'ombe, "Posta, leo nachimba mchepuo kutoka mferejini, uzunguke shamba utoke kule juu, wenzio wanywe bila kwenda kwa mamba. Tungefanya hivyo tangu mwanzo." Mzee akamjibu Posta, "Mwambie asiende peke yake." Ulikuwa umeshabeba jembe.

Uliwachimbia ng'ombe mahali pa kunywa. Vijana wa Anyisile walipofika na ng'ombe wao wote, hawakuona hivyo. Waliona binti wa mfinyanzi amekata mtaro katikati ya njia ya ng'ombe.

"Sasa anatuchimbia handaki! Mamba hakutosha?"

"Unachimba nini wewe? Sema!"

Wanawake waliokuwa wakifua mferejini wanasema ulinyoosha mkono kuonyesha yanakotoka maji, ukafungua mdomo. Wakati huo huo mzee Hezroni akatokea pembeni mwa shamba, nyuma ya vijana hao, anahema, amekimbia aliposikia makelele. Ukamwona. Na miaka yote ile ya adabu ikakushika: ukavuta kitenge, ukajifunika, ukageuka ukawapa mgongo.

Mgongo huo ulikuwa heshima kwa mkweo. Wao waliusoma kuwa dharau.

"Oneni! Anatupa mgongo! Piga ng'ombe, ingiza!"

Wakaingiza. Ng'ombe wenye kiu hawahitaji kupigwa mara mbili. Walipita kwenye mpunga wako kama maji yaliyovunja kingo, na mabua ya kijani yaliyoanza kubeba yakalala chini, yakazama, yakawa uji. Ulisimama mbele yao ukipunga jembe, kichwa bado kimefunikwa. Ng'ombe mmoja akakupiga pembe ubavuni, ukapiga magoti, ukasimama tena.

Mzee alikuwa ameshafika katikati. Aliinua mkongojo wake, akampiga kijana wa kwanza begani, akamtaja babu yake na bibi yake. Wa pili akamzunguka nyuma, rungu limeinuliwa kwa mikono miwili. Mzee hakumwona. Wewe ulimwona.

Ulitupa kitenge. Mzee anasema hakuwahi kuuona uso wako hadi hapo, na kwamba macho yako yanafanana na ya mtoto wako, jambo ambalo watu wote wa nyumba hii walilijua isipokuwa yeye. Uliita kwa lugha ya hapa, neno la mtoto kwa baba yake:

"Tata! Lala chini!"

Ukamsukuma kifuani kwa mikono miwili, mikono isiyoruhusiwa hata kumpa maji, akaanguka chali matopeni. Rungu likashukia pale kilipokuwa kichwa chake, na sasa palikuwa na kichwa chako. Hukuanguka mara moja. Kijana mwingine, ambaye hata sasa hajui kueleza kwa nini, alikukata panga shingoni na begani. Ndipo ukaanguka juu ya mkweo, ukamfunika, na ng'ombe wa nyuma wakapita juu yenu. Zile kwato zilikupata wewe. Mzee alitoka na mbavu mbili zilizovunjika na nguo iliyojaa damu isiyo yake.

Tuling'oa mlango wa nyumba tukakulaza juu yake. Tumpale alikandamiza jeraha kwa kitenge kile kile hadi mikono yake ikafa ganzi. Mnunuzi wa mpunga aliyekuwa akipakia magunia aliyatupa barabarani akakuchukua kwenye gari lake. Aliko alikuwa anakuja kwa baiskeli kutoka shuleni kwake Bondeni, amepata habari nusu. Mlikutana njiani. Ulikuwa umeshatuacha.

Walimu wenzako walikuja kukuzika. Mkubwa wao, mtu mpole, alimwambia mzee baada ya maziko kwamba chuo kitafunga kazi ya Mwaya. "Siwezi kuleta mtoto wa mtu mwingine aje kufia hapa, mzee wangu." Alikuwa anasema kweli, na vyombo vyako vilikuwa vimeshafungwa kamba, tayari kupakiwa.

Mzee, mbavu zimefungwa, alimjibu, "Mwalimu, nusu ya mpunga bado imesimama. Nimeihesabu kwa macho yangu. Mkiondoka leo, basi rungu moja limefukuza chuo kikuu. Kesho watu watajua kwamba shule, zahanati, kila kitu cha umma, kinafukuzwa kwa rungu moja. Nchi ya namna hiyo watoto wenu wataishia wapi?"

Mwalimu aligeuka akavitazama vyombo. Hakukubali, hakukataa.

Asubuhi iliyofuata kaka yako Hebroni alifika kutoka Ikombe na mitumbwi iliyojaa wanaume. Walishuka ufukweni na makasia na mikuki ya samaki, macho mekundu. Vijana wa ukoo wetu waliungana nao, na mbele yao alikuwa Aliko wako, aliyevaa shati lile lile alilokuzikia, panga mkononi. Walitaka nyumba ya Anyisile, watoto wa Anyisile, ng'ombe wa Anyisile. Ng'ombe wawili waliokutwa njiani walikatwa mishipa ya miguu, wakabaki wamekaa, wanapiga kelele. Njia fupi ya kwenda kwa Anyisile ilikatiza kwenye robo eka yako.

Walimkuta mzee Hezroni katikati ya mpunga uliobaki. Alikuwa amelala chini, chali, matopeni, kama ulivyomwambia.

"Baba, inuka," Aliko alisema.

"Siinuki."

"Baba, damu ya mke wangu iko kwenye matope hayo."

"Ndiyo maana hupiti."

Hebroni alipiga kasia chini. "Mzee, ungekuwa mwanamume ungekuwa mbele yetu!"

"Mimi panga langu nimelinoa tangu jana, muulizeni Tumpale. Natamani kuliko wewe. Lakini dada yako alikufa ili pasikanyagwe hapa. Anayetaka kupita anikanyage mimi kwanza, au aniruke."

Kumruka mzee aliyelala ni jambo ambalo mtu wa kwetu hawezi, hata mwenye hasira ya kuua. Walisimama ukingoni, wanatukana, mmoja akilia kwa sauti. Aliko aliinua panga juu ya baba yake akakaa nalo hivyo, na sisi tuliokuwa tukitazama hatukujua litashuka wapi. Lilishuka kwenye maji ya mfereji. Alilitupa.

Wengine walizunguka kwa njia ya mtoni. Mzunguko ule ulikula muda, na walipofika, Anyisile na watoto walikuwa wameshachukuliwa na polisi pamoja na wale wawili waliokuua. Walichoma nyumba tupu na zizi lake. Moshi ulikaa juu ya Mwaya hadi jioni. Hatusemi hilo lilikuwa jema. Tunasema hakufa mtu mwingine.

Yule mwalimu wako aliyaona yote akiwa amesimama kando ya vyombo. Alifungua kamba mwenyewe.

Mpunga uliobaki ulivunwa Oktoba. Harufu yake ilipotoka chunguni, Tumpale alishindwa kula. Haukuliwa mwingi, tuliuweka mbegu. Mchepuo wako ulimaliziwa na Aliko na Hebroni, wakichimba bega kwa bega bila kusemezana, na ng'ombe sasa wanakunywa kule juu, mbali na mamba. Mwaka huu nyumba kumi na moja zimepanda mpunga wa Agosti. Chuo kimemleta binti mwingine, Doreen, ambaye jioni anawafundisha wakulima chini ya paa la kanisa. Mzee Hezroni hukaa benchi la mbele na kumchosha kwa maswali. Doreen si mkwe wake, kwa hiyo ng'ombe hahitajiki, na tunadhani Posta hajalitambua hilo, maana kila asubuhi huchungulia ukutani akingoja.

Waliokuua wanangoja hukumu. Majina yao hatuyaandiki, ukurasa huu ni wako. Anyisile amerudi. Ng'ombe wake wachache waliobaki huwazungusha yeye mwenyewe, kwa fimbo, mbali na mpunga. Yeye na baba mkwe wako hawajasalimiana. Juzi alisimama muda mrefu ukingoni, akang'oa gugu moja lililokuwa ndani ya shamba letu, akaondoka nalo.

Unakumbukwa na mumeo Aliko. Na binti yako Anyitike, anayeuliza kama Morogoro ni mbali. Na mama yako Naomi, aliyeleta chungu kipya cha kuwekea mbegu yako. Na kaka yako Hebroni. Na mama mkwe wako Tumpale. Na walimu na wanafunzi wako. Na wanawake wa Mwaya ambao Januari ijayo watakuwa na mpunga wa kupika.

Na baba mkwe wako, mzee Hezroni. Siku ile ulimwita, naye hakuwahi kukuitikia. Leo asubuhi alikwenda shambani, akasimama mahali ulipoangukia, akavua kofia. Hakumtafuta ng'ombe wa kumpitishia maneno. Aliitika mwenyewe, kwa sauti, na sisi tuliokuwa nyuma tulisikia:

"Naam, mwanangu. Mpunga umesimama."

Hatutakusahau, Keziya, siku zote za maisha yetu.